Dada Yako Yuko Dukani

Dukani, 9 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Salaam nyingi. Najua utacheka ukiona bahasha, utasema dada amerudi enzi za stempu. Cheka. Kwenye simu huwa unanishinda maneno. Nikifungua mdomo tu, umeshaniwahi na majibu. Barua ina adabu zake. Utasoma mpaka mwisho, ndipo useme.

Mgongo haujambo. Tangu uninyooshe ukaondoka, nalala. Shemeji yako anasema nakoroma kuliko msumeno wake wa umeme, lakini anasema kwa raha, maana kabla ya hapo nilikuwa nikijigeuzageuza kitandani hadi yeye ndiye anaamka amechoka. Siku ile uliponigeuza shingo ikalia ko, alikuwa nje karakana, akadhani ubao umedondoka, akaja mbio na nyundo mkononi. Mpaka leo namtania nayo. Kwa hiyo mikono yako ina kitu, sikunyimi haki yako.

Ila nina swali, na limenikaa rohoni. Uliposema niweke vidonge kando kwa muda, kwamba mgongo ulionyooka utaamsha kinga ya mwili na mwili ujitegemee, niliitikia kwa sababu ulikuwa umenishika shingo, na nani atabishana na mtu aliyemshika shingo. Sasa nimekaa peke yangu nafikiri. Ulikuwepo, Kitinda. Ulikaa kiti cha pembeni siku mama daktari wa viungo alipotuchorea kwenye karatasi. Alisema kinga yangu haikulala. Imeamka kupita kiasi, imenigeukia mwenyewe, inatafuna viungo vya vidole ikidhani ni adui. Vidonge ni vya kuituliza. Sasa wewe unataka kumwamsha aliyekwisha kuamka? Mteja akiniletea saa inayokimbia, siikazi ikimbie zaidi. Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtoto.

Saa ya baba uliyoniachia nimeshaifungua. Ina uchafu tu wa miaka. Vipande nimevipanga kwenye kisahani chake. Vidole vikitulia wiki hii naimaliza, uivae. Usiniharakishe. Unajua mikono hii ndiyo mimi. Bila mikono, hapa dukani nitakuwa nauza sura, na sura yenyewe unaijua.

Shemeji yako anakusalimu. Lile benchi alilokutengenezea, lenye tundu la uso, asema ulipake vanishi kabla jasho la wagonjwa halijaliharibu.

Dada yako


Chumba cha Tiba, 17 Februari

Shikamoo Dada,

Nimesoma mpaka mwisho, na sikukukatiza hata mara moja. Unaona nilivyokua.

Swali lako zuri, na jibu ninalo. Kinga si redio, kwamba ni kuongeza sauti na kupunguza tu. Mwalimu Mkuu wetu anafundisha kwamba kinga hupotea njia pale mishipa ya fahamu inapobanwa mgongoni. Ujumbe unatoka kichwani vizuri, unafika kwenye pingili iliyokaa upande, unaharibika. Kinga inasikia nusu nusu, inampiga mwenyeji ikimwacha mgeni. Pingili zikikaa sawa, ujumbe unafika mzima, mpaka kwenye wengu, mpaka kwenye damu. Kwa hiyo mimi siiamshi, Dada. Naielekeza. Ulidhani sina jibu?

Sasa nina ombi. Mwenzangu niliyesoma naye amefungua chumba hapo kwenu, barabara ya benki. Nenda kwake kila wiki, nimeshamwelekeza mgongo wako. Na upime damu, sasa hivi, kisha tena baada ya wiki kadhaa, majibu unitumie. Vidonge viache kabisa kwa kipindi hicho. Vikiwemo mwilini, hatutajua kama kilichofanya kazi ni mikono yetu au ni kiwanda cha dawa. Mwalimu Mkuu anataka kuona damu. Maneno ya wagonjwa amechoka nayo, kila mtu anayo.

Nifanyie hivi, Dada. Mama alipofariki ulinichukua ukanilea bila kuniuliza maswali, na ulinisomesha mafunzo haya wakati kila mtu anasema nitaishia kukanda watu sokoni. Sina mwingine wa kumwomba. Mwezi wa saba tuna siku ya wazi, ya kuonyesha watu tiba yetu, kwenye ukumbi mkubwa, na ningependa niingie pale nina kitu mkononi.

Saa ya baba vipi? Mkono mtupu unaniwasha.

Kitinda wako


Dukani, 2 Aprili

Kitinda,

Utaona mwandiko si wangu. Ni wa shemeji yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na kila baada ya maneno matatu anasimamisha kalamu ananitazama. Kalamu siku hizi inaniteleza.

(Shemeji hapa. Haitelezi. Vidole havikunjiki. Nimeona nilinyooshe hilo tangu mwanzo.)

Usimjali, amekuwa na mdomo tangu alipopewa ukarani. Nimefanya ulivyotaka. Vidonge nimeviacha siku ileile niliposoma barua yako. Kwa mwenzako wa barabara ya benki naenda kila wiki, na ni mtu mpole, mikono ya moto. Nikitoka pale mgongo mwepesi, natembea nikijiona msichana, nafika dukani natabasamu. Halafu nachukua kibano nishike skrubu moja, moja tu, na dakika inayofuata niko sakafuni naitafuta. Shemeji yako amenitafutia sumaku. Wateja nawaambia vipuri vimekwama bandarini, na kwa kuwa kila kitu siku hizi kinakwama bandarini, wanakubali.

Damu nimetoa mara zote mbili, majibu nimeyaambatanisha. Mtu wa maabara aliyasoma, akayasoma tena, akaniuliza natibiwa wapi. Nikamwambia kwa mdogo wangu. Akasema chembe nyeupe zimepanda, na kipimo cha uvimbe kimepanda zaidi. Uso wake haukuwa wa kunipongeza, lakini labda ndivyo alivyoumbwa.

Asubuhi viganja vimekaza kama gundi imekaukia ndani. Magoti nayo yameanza kunung'unika. Niambie ukweli, nirudie vidonge au nisubiri? Ukisema nisubiri, nitasubiri. Mtaalamu ni wewe. Nakuamini.

(Shemeji hapa. Hilo neno la mwisho ni lake. Mimi nimeliandika tu.)

Saa ya baba bado iko kwenye kisahani. Nimeifunika na glasi isiingie vumbi.

Dada yako


Chumba cha Tiba, 10 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Nimeruka mpaka kichwa kikagonga balbu. Chembe nyeupe zimepanda. Ndizo askari wa mwili, Dada, na wameitika. Nimempelekea Mwalimu Mkuu majibu yako, akanishika mkono mbele ya darasa zima, yeye ambaye huwa anatupa mkono wa vidole viwili. Akasema miaka yote anafundisha, hajapata mwanafunzi aliyemletea damu.

Hayo maumivu yasikutishe. Mwili unafagia nyumba, na ukifagia, vumbi lazima litimke. Linatimka kwanza, linatulia baadaye. Mwenzangu nimemwambia aongeze nguvu kidogo kwenye shingo. Kuhusu vidonge, subiri. Ukivimeza sasa utakuwa umewafungia askari kambini. Subiri mpaka siku ya wazi, tarehe 11 Julai, halafu tutakaa tuone.

Wewe usije siku hiyo. Safari itakuchosha bure, na ukumbi hauna viti vizuri. Nitakuletea picha.

Shemeji mwambie wagonjwa wameongezeka, benchi moja halitoshi. Akipata mbao ngumu anitengenezee la pili.

Na saa ya baba, jamani. Tarehe 11 ningependa kuwa nayo.

Mtaalamu wa Mgongo na Kinga
(Kitinda wako)


Karakana, 5 Juni

Shemeji,

Naandika yeye hajui. Mimi si mtu wa barua.

Dada yako asubuhi namfunga vifungo mimi. Kijiko anakishika kwa ngumi. Mlango wa duka namfungulia mimi, kisha anakaa kule ndani anapokea saa za watu na kuziweka rafuni, kwa sababu hawezi kukubali kuwaambia hawezi. Jana nilimkuta mbele ya kisahani cha saa ya baba yenu, machozi yanatiririka. Akasema ni ile lenzi imembana jicho. Lenzi ilikuwa mezani.

Nakuuliza kiume, unijibu kiume. Unajua unachokifanya? Ukisema unajua, nitanyamaza. Mimi kazi yangu mbao. Ubao ukipinda nauona. Mambo ya damu siyaoni.

Shemeji yako


Chumba cha Tiba, 10 Juni

Shemeji yangu,

Wewe kwangu ni kaka, kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitasema wazi, ila yabaki kwetu wawili.

Najua vidonge atavirudia. Sijawahi kufikiri aviache maisha. Yule mama daktari namkumbuka na mchoro wake naukumbuka. Lakini nielewe nilipo. Wagonjwa wangu wengine mgongo unatulia, wanashukuru, wanaondoka, basi. Damu zao hazisemi kitu. Za Dada ndizo pekee zilizosema. Akivimeza vidonge sasa zitashuka, na nitasimama pale mbele na karatasi tupu. Mwalimu Mkuu amesema siku ya wazi ikienda vizuri ananipa tawi langu mwenyewe. Nikipata tawi, wa kwanza kufaidi nani kama si yeye?

Ni wiki chache tu zimebaki. Kesho yake asubuhi mpe vidonge wewe mwenyewe, mwambie nimesema mimi. Lakini haya usimwambie sasa. Moyo utamvunjika, na mtu wa viungo akivunjika moyo hali yake inazidi.

Lile benchi la pili likifika kabla ya tarehe 11, utakuwa umeniokoa.

Kitinda


Dukani, 13 Julai

Kitinda,

Nilikuja.

Nilitaka kukushtukiza. Shemeji yako alikuwa anakuletea benchi, nikamwambia nipandishe na mimi kwenye lori, nikavaa lile gauni la bluu ulilonipa. Njia nzima alikuwa kimya, nikadhani ni usingizi. Tulichelewa, tukapata viti nyuma kabisa, karibu na mlango. Ukumbi umejaa mpaka watu wamesimama ukutani. Nilijivuna, nisikufiche. Nilitaka kumgusa mama aliyekaa kando yangu nimwambie yule pale ni wetu, nimemfulia nepi mimi. Nikasema ngoja, atajua mwishoni.

Kisha ukaanza kunisimulia.

Ulisema una dada fundi saa ambaye kinga yake ilikuwa dhaifu, imelala, kila homa inayopita inamchukua. Ulisema madaktari walishanyoosha mikono. Ukasema wewe na wenzako mmemnyoosha mgongo, na ukaonyesha ukutani picha ya mstari unaopanda, na mstari ule ni damu yangu, Kitinda, niliyotolewa nikiwa nimeuma meno. Ukasema hagusi kidonge hata kimoja. Ukasema leo anatengeneza saa kuliko zamani, na kwamba saa ya marehemu baba yetu ameimaliza wiki iliyopita tu. Ukainua mkono watu waione. Ulikuwa umevaa saa. Sijui uliitoa wapi. Ya baba niliiacha asubuhi ileile vipande vipande chini ya glasi.

Watu wakapiga makofi. Nilitaka kupiga na mimi, kwa mazoea tu, mikono haikukubali.

Mzee mmoja akasimama akauliza kama huyo dada yupo, wamwone. Ukatazama ukumbi mzima. Usije ukaniambia hukuniona. Macho yako yalitua usoni kwangu, yakashuka mpaka mikononi, yakakaa pale, yakahama. Ukasema:

"Dada yangu yuko dukani. Siku hizi ana kazi mpaka hana nafasi."

Wakacheka, wamefurahi kweli. Shemeji yako alitaka kusimama, nikamkanyaga mguu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pananikaba. Yule mama wa kando yangu ni mwalimu wa chekechea. Alinigeukia anifurahie, akaona vidole vyangu, akanionyesha vyake. Vimepinda vilevile, vimeelekea upande uleule. Akaniuliza kama na mimi ni viungo. Kisha akaniambia kwamba alikuwa amekuja chumbani kwako, ukamsimulia habari za dada yako, na vidonge vyake ameviacha wiki iliyopita, ila usiku alikuwa anaogopa. Akasema:

"Sasa siogopi tena. Kama dada yake amepona, mimi nani nisipone?"

Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba huyo dada ndiye huyu? Ningekumaliza palepale, mbele ya Mwalimu wako, mbele ya watu wote wale. Nikaufunga. Nilikulinda wewe, nikamwacha yeye aende zake na furaha yake. Nimerudi nyumbani na mgongo wangu mwepesi, na tangu juzi sitaki hata kujitazama.

Ulinikana, Kitinda. Mimi nimekubeba mgongoni hadi shule ukiwa na homa. Ulinitazama, ukanikana.

Dada yako

(Shemeji hapa. Benchi nimerudi nalo. Mengine nitamwambia dada yako mimi mwenyewe, kwa mdomo.)


Chumba cha Tiba, 20 Julai

Shikamoo Dada,

Nimeandika nikachana, nimeandika nikachana. Hii nimeamua nisiichane.

Nilikuona. Lakini fikiri kidogo, Dada. Ningekuita, ungepanda na mikono ile, na kila nilichokihangaikia kingeishia pale pale kwenye ngazi. Maneno ya kinga dhaifu si yangu, ni ya Mwalimu Mkuu. Alisema watu wakisikia kinga inampiga mwenyewe watachanganyikiwa, sema dhaifu, wataelewa. Saa niliazima kwa jirani, kwa sababu nilishakwisha kuahidi kwamba nitakuwa nayo.

Lakini si yote uongo. Mgongo wako ulipata nafuu, uliniandikia mwenyewe, barua ninayo. Wapo watu wanaotoka hapa wamesimama wima, walioingia wameinama. Hilo nalo lihesabu. Nimetia chumvi, nakiri, ila kwa ajili ya kitu cha maana.

Vidonge anza leo, kama bado hujaanza.

Nimepewa tawi. Jumamosi tarehe 8 Agosti kuna siku nyingine ya wazi ukumbini palepale, na safari hii msemaji mkuu ni mimi. Baada ya hapo nitapunguza polepole, nitaacha kukutaja, itasahaulika. Nakuomba kwa sasa usizungumze na watu. Tukijua sisi wawili inatosha. Ukinisema wewe, nani ataniamini tena?

Nisamehe. Na saa ya baba ukiweza, ukiweza tu.

Kitinda wako


Dukani, 31 Julai

Kitinda,

Mwandiko ni wangu. Umepinda, vumilia. Kalamu nimeizungushia kitambaa iwe nene, naandika kidogo, napumzika, narudi. Sikutaka karani tena.

Shemeji yako ameniambia mlichoandikiana mwezi wa sita. Alisubiri nimeze dawa, akasimama mlangoni akaeleza yote, jibu lako neno kwa neno. Alilia. Kwa sasa analala karakana. Yeye nitamsamehe, siku yake itafika, kwa sababu alikuja mwenyewe. Wewe nilikuwa nimejiandaa kukusamehe ujinga. Ujinga wako naujua, nimeulea. Nilijiambia mtoto kavishwa kilemba cha ukoka na Mwalimu wake, hakuelewa, alisahau ule mchoro. Kumbe mchoro ulikuwa unaukumbuka muda wote. Uliniandikia nisubiri huku unajua ninachosubiri.

Nimerudi kwa mama daktari. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Amesema mgongo ukishikwa na mtu anayejua kazi unaweza kupata nafuu, hilo hakatai. Ila shingo ya mgonjwa kama mimi haigeuzwi kwa nguvu hata siku moja, na nishukuru kwamba bado natembea. Kuhusu kinga, amesema wapo waliopima damu za watu baada ya kunyooshwa, wakaona hiki kimepanda kidogo na kile kimeshuka kidogo, kisha kila kitu kikarudi kilipokuwa. Hajaona aliyepona ugonjwa kwa njia hiyo. Na zangu hazikupandishwa na mikono ya mtu. Zilipanda kwa sababu vidonge havikuwepo. Ule mstari uliouonyesha ukutani, Kitinda, watu wakaupigia makofi, ulikuwa ugonjwa wangu.

Uvimbe umeanza kushuka. Naweza kushika kikombe. Gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia havitarudi, mfupa umeshalika. Ndivyo vinavyoshika kibano.

Yule mwalimu wa chekechea nimemtafuta. Mlinzi wa ukumbi anamfahamu. Nilimkuta darasani, watoto wameshaondoka, yeye amekaa kwenye kile kiti chao kidogo kwa sababu magoti yamegoma kumwinua. Nikamwambia yule dada fundi saa ni mimi. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nilimsaidia kuinuka, tukainuana vibaya, nusura tuanguke wote. Amerudi hospitali, ana bahati, wamemwahi.

Unasema tukijua wawili inatosha. Tumeshakuwa wengi. Jumamosi tarehe 8 tutakuja, mimi na yeye, na safari hii tutakaa mstari wa mbele. Mtu atauliza tena kama dada yako yupo, watu hupenda kuuliza. Nitakuwa na gauni la bluu, mikono nimeiweka mapajani wazi. Ukisema yupo, nitapanda nisimame kando yako, tueleze pamoja, na aibu yako nitaibeba nusu kama nilivyokuwa nikikubeba wewe. Ukisema yuko dukani, nitapanda peke yangu.

Saa ya baba nimeituma pamoja na barua hii. Imo ndani ya kichupa cha vidonge, nimeifunga na pamba. Vipande vyote vimo. Nilipoifungua mwezi wa pili nilijua naimaliza wiki ileile. Ni kusafisha tu na kuirudishia, kazi ndogo, baba angeifanya huku anapiga soga. Mpelekee fundi mzuri, umwambie ile skrubu ya katikati ni laini, asiikaze sana.

Hapa dukani fundi hayupo.

Dada yako